Luhende na kurasa thelathini na moja

Tumemzika jana rafiki yangu, kijijini Samuye, na bado sijakubali. Leo asubuhi nimempigia Luhende simu, kwa mazoea tu. Akapokea mkewe, Mama Nkwimba.

Wasifu wake ulisomwa dakika nne. Mkulima, mwanakwaya, aliwahi kuchimba dhahabu. Manga, zile hadithi za michoro za Kijapani? Hata neno moja. Nimeumia, nasema wazi.

Ninyi mnaonifuata hapa kwa masomo ya manga na anime kwa wanaoanza, jueni leo kwamba hakuna hata somo moja lililo langu. Yote ni ya Luhende.

Miaka ya themanini mwanzoni tulikuwa vibarua wa kuchimba visima pale Samuye. Yeye mwembamba, anashuka. Mimi mzito, nabaki juu nashika kamba.

Siku moja likaja sanduku la pampu kutoka Japani. Ndani, ili vyuma visigongane, walikuwa wamesindilia gazeti nene la michoro. Nyapara akataka kuwashia moto wa chai. Luhende akalikalia.

Lilikuwa limechanika vibaya. Hadithi iliyobaki nzima ni moja tu. Kurasa 31, nilizihesabu.

Tulisoma kama tunavyosoma kila kitu, kutoka kushoto. Kamba imekazwa juu ya shimo jeusi, kijana anavuta. Udongo unaruka juu. Kaka yake anatoka kisimani, anafungua kamba kiunoni, wanarudi nyumbani, mama yao anampa bakuli la maji. Mwisho.

Karibu mwaka mzima tuliipenda hivyo. Kila mara kabla ya kushuka, Luhende alifungua ukurasa wa bakuli. "Huyu katoka, na mimi nitatoka." Ndipo anafunga kamba.

Aliyeharibu ni mimi. Siku ya mvua, tumejibanza stoo, nikaona vinamba chini ya kurasa. 218, 217, 216.

"Luhende, zinarudi nyuma. Tumesoma kinyume."

"Acha hizo."

"Hesabu mwenyewe."

Akahesabu. Akaligeuza gazeti, akaanza upande wa pili. Bakuli la maji. Kamba kiunoni. Kaka anashuka. Udongo unaporomoka. Ukurasa wa mwisho ni mkono wa mdogo mtu umeng'ang'ania kamba, na shimo. Basi. Yaliyobaki yako toleo linalofuata, na hilo nani angelileta Samuye?

"Shija," akaniambia, "wewe na namba zako mmemrudisha mtu shimoni."

Mtu mwingine angelitupa. Yeye akawa mwalimu.

Siku za mnada, Kishapu, alilitandaza juu ya gunia na watu wakajaa. Mama mmoja muuza michembe, vile viazi vilivyokaushwa, alikuwa hakosi.

"Wewe Luhende, mbona hawa watu wana macho kama ndama?"

"Ili machozi yapate nafasi, mama."

"Na naanzia wapi?"

"Mkono wa kulia, mama. Kama ugali."

Kijapani hakujua hata neno moja. Maneno yote aliyatunga, ya kaka kwa sauti nzito, ya mama yao kwa Kisukuma. Lakini michoro aliisoma kuliko yeyote niliyewahi kumwona, na sasa nina vitabu 640 nyumbani.

Tone la jasho shavuni, huyo kaona aibu. Mistari mingi, mambo yanakimbia. Ukurasa usio na maneno usiuruke, hapo mchoraji alikaa muda mrefu kuliko kwingine. Na lile ninalowaambia kila mgeni: usiulize anasema nini, uliza kashika nini. La Luhende hilo.

Wapo waliomwita chizi wa vikatuni. Jana walikaa viti vya mbele.

Baadaye akaenda Bulyanhulu kutafuta dhahabu. Miaka saba chini ya ardhi, bila mimi kwenye kamba. Dhahabu hakurudi nayo. Vumbi alirudi nalo, kifuani.

Gazeti lilikaa kwenye mfuko wa nailoni, chini ya godoro. Na swali lake likabaki lile lile, miaka arobaini: yule kaka alitoka?

Mwezi uliopita binti yangu Kabula alipiga picha kurasa zote 31 akazituma kwa mashabiki wa huko Japani. Jumanne likaja jibu. Mzee mmoja analikumbuka gazeti hilo. Lilikufa na toleo lile lile. Hadithi haikumaliziwa popote.

Nikalibeba jibu mpaka kitandani kwake, alikokuwa anaumwa kifua. Mtu mzima mimi, na mvi zangu.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Alitoka?"

Nilikuwa na sekunde mbili. Neno "ndiyo" linachukua ngapi?

"Haikuchorwa, Luhende. Gazeti lilifungwa."

Akaniangalia kidogo. "Kumbe. Basi yumo humo humo." Akageukia ukutani.

Alhamisi akafariki.

Mara mbili, jamani. Mara mbili nimemrudisha mtu shimoni kwa kupenda kuwa sahihi. Msinipe pole kwenye komenti. Sizistahili.

Jana watu walipotawanyika, Mama Nkwimba alinipa ule mfuko wa nailoni. "Alisema ni wako, Shemeji." Nikakaa kwenye benchi chini ya turubai nikajaribu kusoma kwa njia yetu ya zamani, kutoka kushoto, ili atoke.

Nimeshindwa. Macho yanakimbilia upande ule mwingine yenyewe. Ulinifundisha vizuri mno, ndugu yangu. Kila nikifungua, anashuka.

Wabeja, asante, mwalimu wangu. Lala huko chini salama.

Mimi nipo hapa juu, Luhende. Kamba sijaiachia.