Hema Sita ku Muchanga ya Kasenyi

Nakumbuka asubui moja ya wakati wa vita, tulishuka Kasenyi ku ziwa na baiskeli na hema sita, kwenda kucheza. Ndiyo, mwana yangu, kucheza! Usinicheke. Masasi ya bunduki ilikuwa imenyamaza Bunia karibu mwezi moja, na siye vijana wa paruasi, kanisa yetu, tulikuwa tumechoka kulala chini ya vitanda. Baba, mwenye alitaka tungojee kwanza, alisema tu, "Ziwa haikimbie." Asiyesikia la mukubwa huvunjika muguu, lakini ku ujana unafikiri muguu yako ni ya chuma.

Miye ndiye nilikuwa chef, kiongozi wa kikundi. Nilipanga hema mustari moja sawasawa, vile walitufundisha. Tulivaa uniforme ya kikundi yetu, shati na kaputula ya kaki, na nilitundika filimbi ku shingo. Nilijiona mutu mukubwa, we! Tukaogelea, tukapika bugali, tukaimba.

Saa nane upepo ikaanza. Tukaona pirogi, mutumbwi mukubwa, inatoka ngambo ya Uganda, imejaa wakimbizi wenye walikuwa wanarudia kwao. Ikakaribia mpaka nikaona mama mumoja na mutoto ku mugongo. Kwa furaha nikapiga filimbi, nikawapungia mikono. Pirogi ikageuka, ikarudia katikati ya mawimbi.

Sikuelewa. Nikapiga tena, na nguvu zaidi. Wakazidi kwenda mbali. Maji ilikuwa inaingia, tuliwaona wanaitoa na sufuria.

Mama Dorika, mwenye kukausha samaki pale kando, akakuja mbio na mikono imejaa majivu, akaninyanganya filimbi.

"Weye mutoto, uko na akili? Wanaona kambi ya maaskari!"

"Lakini mama, siye ni vijana wa kanisa..."

"Kanisa yako wanaiona wapi kule ku maji? Mwenye aliumwa na nyoka anaogopa hata kamba. Bomoa!"

Ekie, mwana yangu! Kamba moja niliikata na meno. Tukaangusha hema, tukavua mashati. Mama Dorika na wamama wenzake wakaingia maji mpaka kiuno, wakatingisha vitenge, wakawaita. Kila wimbi ikipita nilihesabu vichwa mu pirogi, naogopa nitakuta moja imepunguka.

Wakafika, wote. Wa kwanza kushuka alikuwa muzee wa umri ya baba yangu. Akaona kaputula yangu ya kaki, akapiga magoti ndani ya maji, akainua mikono yote mbili.

"Chef, utusamehe," akasema. "Hatuna kitu."

Nikamuinua, nikalia mbele yake. Mpaka leo nikisikia filimbi, naangalia kwanza ku maji.

Basi kesho mukishuka ziwani na wenzako, sikukatalie. Ogeleeni, mucheke, ni haki yenu. Lakini mbele ya kupiga hema, pitia kwa wamama wa samaki, uwasalimie, uwaambie mutalala wapi, uwaulize nani anangojewa ku maji. Hapa kwetu watu wangali wanakimbia na kurudia. Kaki, acha ku nyumba. Furaha yako isikuwe woga ya mwenzako, juu majuto ni mujukuu, inakuja nyuma.

Mungu akuchunge ku kushuka na ku kupanda. Na kila mutu mwenye atakuona ku njia, asiinue mikono ila kwa kukusalimia.