Gobori Lililomngoja Verlie

Sanduku lilikaa chini ya kitanda miaka kumi na mmoja. Ndani mlikuwa na gobori zima ambalo bado halijawa gobori: mtutu, mtambo wa gumegume, mdeki wa kushindilia, kifuko cha skrubu na kitako cha mbao kilichochongwa nusu. Denzil Stidham alilinunua aliunde kwa mkono wake, kama wanaume wengine wa bonde lile la Kentaki. Akachora mistari ya penseli kila mahali. Kukata, hakukata. Aliogopa kuharibu, hadi kifo kikamkuta na penseli sikioni.

Mjane wake, Verlie, hakuwa mtu wa penseli.

"Nipe mimi, shemeji," alisema Arvil, mdogo wa marehemu. "Hii si kazi ya kuoka mkate wa mahindi. Ukikosea patasi moja, umebaki na kuni."

"Kuni nitapikia. Na lako wewe, lile linalopiga kona, ulilimaliza lini?"

Wakakubaliana: likilia siku ya shindano la nyama, lile la kulenga shabaha ambapo washindi hugawiwa ng'ombe, libaki kwa Verlie, lisipolia, Arvil alichukue, na lisidaiwe tena.

Basi akaanza. Alipaka mtutu masizi ya taa, akaulaza kwenye mbao, akauinua. Palipobaki weusi ndipo palipobana. Alikwangua hapo tu, unene wa karatasi, akaulaza tena. Kiangazi chote kiliishia hapo. Kila mstari wa Denzil uliotoka na maranda ulimuuma, kana kwamba anamfuta mwenyewe. Lakini mstari usiokatwa una faida gani?

Ikafika siku ya kutoboa tundu la moto ubavuni mwa mtutu, lile linalopitisha moto hadi kwenye baruti ya ndani. Tundu hilo hutobolewa mara moja tu. Likienda upande, basi tena. Alikaa na keekee mapajani mpaka kahawa ikapoa. Miaka yote alimwita mumewe mvivu. Kumbe hakuwa mvivu. Akanyanyuka, akatoboa.

Vuli ikafika, na shindano nalo. Verlie aliposimama kupakia, Arvil akamsogelea na hadithi za maboga yake. Pale kila mtu anajua: anayeshindilia hasemeshwi. Verlie naye alijua, ila ulimi wake haujawahi kuacha neno la mtu lipite bure.

"Maboga gani, Arvil? Yale uliyoyaiba kwa dada yako?"

Akajibu, akashindilia, akajibu tena, akalenga. Gumegume likatoa cheche, baruti ya kisahani kando ya tundu ikawaka fuu! Kisha kimya.

"Risasi kavu!" watu wakaangua kicheko. "Verlie kasahau baruti ndani ya mtutu!"

Arvil akanyoosha mkono. "Halikulia. Lete."

"Kilichokosea ni mdomo wangu, si gobori. Na jua bado liko juu."

Akachukua pini na baruti laini, akaipenyeza chembe kwa chembe kwenye lile tundu alilotoboa mwenyewe, hadi nyuma ya risasi. Ilipita bila kukwama. Safari hii hakuna aliyemsemesha, hata Arvil. Akaisukuma risasi kwa mdeki mpaka ikakaa, akatia baruti kisahani, akalenga.

Likalia. Bonde zima likaitika.

Risasi iligonga chini kabisa ya ubao, mbali na shabaha kama kuzimu na peponi. Paja la ng'ombe likaenda kwa mwingine, na la pili, na ubavu. Verlie alikuwa wa mwisho, na wa mwisho kwa desturi yao huchukua risasi zote zilizozama kwenye gogo nyuma ya ubao, azichimbe mwenyewe.

Arvil ndiye aliyemletea shoka. Akalitazama lile tundu la gobori, kisha gogo.

"Zangu nazo zimo humo gogoni, shemeji."

"Najua. Ni hizi za pembeni." Verlie akashika shoka. "Nitaziyeyusha na zangu, labda zitanyooka."