Macho Mekundu Kwenye Picha ya Kasoli

Mwanangu, siku bahasha ya picha za harusi iliporudi kutoka Mwanza naikumbuka kuliko harusi yenyewe. Nilikuwa msichana, nashona nguo na mama yangu mjini Bariadi, na Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwenye chama chetu cha wapiga picha. Tulikutana studio kwa Mzee Limbu, chumba kimoja nyuma ya soko, chenye pazia lililochorwa ndege ya abiria.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia na malori yao, na kamera ndogo za plastiki, zenye flashi ndani kwa ndani, zikafika hadi kwetu. Kabla ya hapo tulijua picha za nyeusi na nyeupe tu, ambazo Mzee Limbu alizisafisha mwenyewe. Mikanda ya rangi ilibidi ipelekwe Mwanza.

Mzee Limbu alikuwa mkali. "Bana viwiko mbavuni," alikuwa akituambia. "Shika pumzi, ndipo ubonyeze. Na angalia kilichoko nyuma ya mtu, usije ukamwotesha nguzo kichwani." Wewe una simu inayofanya kila kitu, lakini viwiko ni vilevile.

Basi, binamu yangu aliolewa kijijini Kasoli, na mwenzetu Shija akapewa kazi ya kupiga picha kwa kamera yake mpya. Picha ziliporudi, Shija alipeleka seti ya kwanza Kasoli, kisha akaja kutuonyesha ya pili. Tukazipitisha mkono kwa mkono, tukicheka. Kisha ikaja picha ya ndani ya nyumba. Watu wote wanamtazama bibi harusi, isipokuwa shangazi yangu Ng'washi, mjane, dada mkubwa wa baba. Yeye ametazama kamera moja kwa moja. Macho yake yalikuwa mekundu, yanawaka kama makaa.

Shija alianza kucheka, akanyamaza katikati.

Kwetu lile halikuwa jambo la kuchekesha. Kuni ni shida, wanawake hupikia kinyesi cha ng'ombe, na moshi huwaharibu macho. Lakini mwanamke akishazeeka, watu hawasemi moshi. Husema neno lingine: mchawi. Wako waliokatwa mapanga kwa ajili ya neno hilo, na waliowakata wakala chakula jioni kama kawaida.

"Na seti ya Kasoli?" Mzee Limbu akauliza.

"Nimeshaitoa," Shija akasema.

Kesho yake nilipanda lori la pamba hadi Kasoli. Pale kwenye mizani ya pamba nilimkuta Maduhu, mtoto wa shemeji yake shangazi, picha iko mkononi, wanaume wamemzunguka. Mvua zilizopita Maduhu alikuwa amefiwa na ng'ombe wake wa kulimia. Shamba lake limepakana na la shangazi.

"Kamera haina ndugu," alikuwa akisema. "Sisi tunaficha, yenyewe inaona."

Hakuna aliyembishia.

Nilimkuta shangazi uani anapepeta mchele. "Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma. Akaitikia, kisha akaweka ungo chini.

"Wewe pia umeiona hiyo picha."

"Nimeiona, shangazi."

"Nimekubeba mgongoni, nimekulisha kwa mkono huu. Leo umeniamkia unatazama miguu yangu."

Ilikuwa kweli, mwanangu. Njia nzima nilijiambia ni upuuzi, na nilipomfikia macho yangu yalikataa kupanda usoni pake. Nilijilazimisha nikamtazama. Yalikuwa macho ya shangazi, yana machozi ya moshi, basi.

Niliporudi mjini nilimwomba Shija picha zake zote, nikazitandaza juu ya meza ya cherehani. Sasa nilikuwa namshuku kila mtu, hata Shija, kwamba labda amechezea picha. Nikaanza kutenga. Za nje, juani, hakuna jicho jekundu hata moja. Za ndani, waliotazama pembeni, wazima. Lakini mtoto mmoja aliyetazama kamera chumbani, macho mekundu. Na Shija mwenyewe, aliyepigwa picha na rafiki yake ndani ya baa yenye giza, macho mekundu yanawaka.

Nilimpelekea Mzee Limbu. Aliziangalia kwa muda mrefu. "Flashi yangu ya zamani inakaa pembeni, mbali na lenzi," akasema. "Hii ya Shija imebanana nayo. Gizani mboni inakuwa wazi, mwanga unaingia hadi ndani na kurudi na rangi ya damu. Lakini tukiwapelekea hizi watasema tumezichora mjini. Lazima tuwapige picha wao wenyewe."

Tulikwenda watatu. Mwenyekiti wa kitongoji alikubali, nadhani kwa sababu naye hakutaka damu kwenye eneo lake. Tukafunga madirisha ya nyumba ya shangazi, tukaegesha mlango, Shija akaanza kupiga mmoja mmoja: mwenyekiti, katekista, wazee. Maduhu alikataa kuingia.

"Unaogopa nini?" mwenyekiti akamuuliza mbele ya watu.

Akaingia. Akaketi. Akaitazama kamera kama anayetazama fahali mgeni.

Zile siku za kungoja zilikuwa ndefu. Shangazi alihamia kwa katekista. Mzee Limbu hakumwamini kondakta wa basi wala mtu wa maabara, akasafiri na mkanda mfukoni mwa koti hadi Mwanza, na akasimama pale dukani hadi picha zikatoka. Mimi nilikuwa nikiwaza jambo moja tu: je, kama Maduhu alifumba macho?

Bahasha ilifunguliwa palepale kwenye mizani. Mwenyekiti, mekundu. Katekista, mekundu. Maduhu, mekundu kuliko wote, maana alikuwa amekodoa. Picha ikapita mkono hadi mkono, hakuna aliyecheka.

Mwishowe Maduhu akasema, "Basi uchawi uko kwenye hiyo kamera."

Wanaume wakaguna kukubali. Mwenyekiti akatangaza kamera isikanyage tena kitongojini. Shija alifungua mdomo abishe, aanze kueleza habari za mboni, Mzee Limbu akamshika mkono. "Mwache," akamnong'oneza. "Iwe kamera."

Tukaondoka tumefukuzwa kama wezi, na moyoni nashukuru. Shangazi alirudi kwake, akalima misimu mingi, akafa kwa uzee kitandani pake. Kama Maduhu aliamini kweli aliyoyasema, au alilitamani shamba, sijui hadi leo. Kila tulipokutana nilimsalimia vizuri, huku natazama mikono yake.

Sasa wewe umejiunga na chama cha wapiga picha, nami nimefurahi. Sikiliza basi. Mtoe mtu nje asubuhi au jioni, jua likiwa chini. La mchana linatia giza usoni. Akiwa ndani, mweke karibu na dirisha, mwanga umpige ubavuni, na flashi uizime. Ikikulazimu kuitumia, washa taa kwanza, na mwambie atazame bega lako, si lenzi. Ipitie kila picha mwenyewe kabla haijatoka mkononi mwako, maana ikishatoka huwezi kuirudisha, na siku hizi haipandi hata basi, inaruka kwa simu. Jiulize huyu aliyemo ataishije na watakaoiona. Na picha ikikuonyesha ubaya wa mtu, ishuku kamera kwanza, umshuku anayeipitisha, ujishuku na wewe mwenyewe. Kisha nenda ukamwone yule mtu kwa macho yako.

Mungu akupe mkono mtulivu na jicho lenye huruma. Akuepushe na ulimi wa watu, na watu awaepushe na wako. Uwapige picha wazee wetu wangali hai, wakicheka, na katika kila nyumba utakayoingia na kamera yako, waliomo wabaki salama.