Ruhusa Kutoka Kwangu Kuja Kwangu

Masjala ya hospitali iko nyuma ya jengo kuu: chumba kirefu, dirisha moja, mafaili hadi darini. Humo karani mmoja wa makamo amekaa miaka ishirini akipokea barua, akizigonga muhuri na kuzipa namba. Wenzake humwita Mama Itaendelea. Jina hilo lilimganda tangu alipoanza kuandika hadithi kwenye daftari wakati wa mapumziko, kisha kuzichapa kwa kidole gumba kwenye simu na kuzirusha kwenye jukwaa la hadithi mtandaoni, sura moja kila siku.

Kila siku, kabla ya saa sita mchana. Jukwaa lile halikuwa na mchezo. Ukikosa siku moja, kitabu chako kinashushwa chini ya vya wenzako, na kukipandisha tena ni kazi ya wiki nzima. Aliwahi kutuma sura akiwa na homa. Nyingine aliituma msibani, kajifunika mtandio, watu wakidhani analia. Zilifika sura mia mbili na tatu, ikabaki moja ya kumalizia.

Asubuhi moja kitabu hakikuwepo. Palikuwa na maneno tu: "Kazi hii imeibwa kwa mwandishi mwingine." Mwandishi aliyeibiwa, kwa maelezo ya jukwaa, aliitwa Mama Itaendelea.

Ni yeye mwenyewe. Kabla ya kujiunga na jukwaa alikuwa ameweka sura kumi za mwanzo kwenye ukurasa wake wa zamani, kwa jina la utani, kisha akausahau; jukwaani alijiandikisha kwa jina lake halisi. Sasa alitakiwa kuleta barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye kazi.

Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye ni karani. Alichukua karatasi safi akajiandikia barua: namba ya kumbukumbu, tarehe, YAH: RUHUSA YA KUTUMIA HADITHI. Mama Itaendelea akamruhusu karani; karani, chini yake, akakiri kupokea. Sahihi mbili, muhuri mmoja. Akapiga picha, akatuma, akanywa chai kwa raha.

Jibu lilikuja siku ya sita. "Sahihi hizi mbili zinafanana. Hii ni dalili ya kughushi."

"Sasa zisifanane vipi na mkono ni mmoja?" aliiuliza simu.

Mpanga mafaili, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alicheka mpaka akashika meza. "Si ungeniambia nikusainie moja, dada! Miaka yote hii na makaratasi, hata kudanganya kidogo hujui?"

Alicheka naye. Kisha akaenda nyuma ya makabati, akaegemeza paji la uso kwenye mafaili, akabaki hivyo mpaka mtu alipogonga dirishani.

Aliandika tena, akaeleza tena. Kila mara alijibiwa yaleyale: "Tunathamini subira yako." Baadaye akaacha kufungua majibu. Sura ya mwisho aliiandika hivyo hivyo, bila pa kuipeleka, na daftari akampa wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani aliyeifuata hadithi tangu mwanzo.

Jumamosi moja, saa tano kasoro, simu ikalia. "Hongera! Kitabu chako kimerejeshwa. Chapisha sura mpya kabla ya saa sita ili kulinda nafasi yako."

Hakufurahi. Alijisikia kama mtu aliyeamshwa aingie zamu. Akavaa viatu, akaenda.

Wifi yake alikuwa amekaa mbele ya cherehani, daftari limelazwa juu ya gauni la mtu.

"Wifi, nipe daftari. Wamekirudisha. Nina saa moja tu."

"Ngoja kwanza."

"Hujamaliza? Siku nne!"

"Mimi sisomi kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Humu daftarini mama mkwe ndiyo kwanza amefika mlangoni, wewe unataka kuninyang'anya! Kaa hapo."

Akakaa juu ya robota la vitambaa. Simu ikalia. Wifi akaichukua, akaifukia chini ya mabaki ya vitambaa, akarudi kwenye ukurasa, kidole kikitembea chini ya mstari.

"Hapa," alisema baadaye. "Hapa ulikuwa umechoka."

"Wapi?"

"Mama mkwe anapoomba radhi. Mwanamke aliyetutesa sura mia mbili, anaomba radhi kwa mstari mmoja? Yule? Hapana, wifi."

Karani aliinama akausoma ule mstari. "Nilikuwa nimechoka," alisema.

"Basi si ya kutumwa leo."

Karani aliegemea ukuta, akafumba macho kidogo tu, ili afikirie yule mama angesema nini hasa pale mlangoni. Wifi yake alimtazama, akaondoa mguu kwenye pedali, akafungua ukurasa unaofuata polepole, karatasi isipige kelele ikamwamsha. Chini ya vitambaa simu ililia mara mbili, kisha saa sita ikapita.