Miguu Yasema Kimbia, Mikono Yasema Simama

Siku ile Bwana Mifugo alipouliza nani ajuaye kupanda farasi, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza swali. Mimi ni mtu wa Kipini, na kwetu mtoto hupanda punda kabla hajajua kufunga kikoi. Punda na farasi, nilijiambia, ni ndugu. Tofauti ni urefu wa masikio. Nilikuwa mchanjaji mpya katika ofisi ya mifugo Garsen, sijamaliza hata mwaka, na nilipenda sana kuonekana.

Ilikuwa masika, miaka ya hamsini, na lori la ofisi lilikuwa limezama kwenye tope jeusi. Sotoka, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe zizi zima, ulikuwa umeingia mbugani. Mfugaji mmoja wa Kiorma alitembea kutwa nzima kuja kutuambia kwamba zizi la jirani yake limekwisha ingiliwa, lake bado. Aliyasema hayo taratibu, akanywa maji, akarudi kwa miguu ili awakusanye ng'ombe wake watungoje. Dawa ilikuwepo, ya safari mbili tu, ndani ya jokofu la mafuta ya taa la Bwana Mifugo. Ikipata joto haifai tena. Ilibaki njia ya farasi, jike mmoja mwekundu aliyeletwa kutoka kaskazini, ambaye hata ukikung'uta shuka mbele yake anaruka.

Nilimpanda mbele ya maduka, watu wakitazama. Nikakaa kama tukaavyo juu ya punda: nyuma kabisa, mgongo nimeulaza, visigino vikimpigapiga mbavuni. Punda asipopigwa visigino husimama akala majani. Yule farasi alitoka mbio. Nikavuta hatamu kwa nguvu zangu zote, nikambana kwa miguu nisianguke, naye ndiyo kwanza akazidi. Msomali mmoja, mfanyabiashara wa ng'ombe, alinipigia kelele kutoka barazani pa duka lake nilegeze miguu. Nilimsikia vizuri, sikupenda tu kufundishwa mbele za watu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi ilivunjika chupa: chupa ya chai ya Bwana Mifugo, ambayo siku hiyo ilikuwa na barafu na dawa. Nilipoinuka matopeni nilimchapa yule mnyama kwa hasira, na naona haya mpaka leo.

Bwana Mifugo hakunigombeza. Alisema kesho atanipa chupa ya pili, kwamba barafu itadumu hadi adhuhuri, na kwamba baada ya hiyo hana nyingine. Afadhali angenitukana. Nilikuwa nikimfikiria yule Mworma aliyewazuia ng'ombe wake wasiende malishoni kwa sababu sisi tulimwambia tunakuja.

Kulipopambazuka nilimvuta farasi hadi dukani kwa yule Msomali, nikamwamkia kwa adabu zote nilizofundishwa na mama. Alikuwa amekulia na farasi huko kwao kaskazini. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Akaniambia nipande, yeye akashika kamba, akaitazama miguu yangu kwa muda mrefu.

“Waria, wewe nasema na mguu, kimbia. Halafu nasema na mkono, simama,” alisema. “Hii farasi hapana kichaa. Yeye nasikia maneno yako yote mbili.”

Akanisukuma mbele, katikati ya tandiko, akaivuta miguu yangu ining'inie kama nguo kwenye kamba. Akanifundisha kuvuta hatamu na kuachia mara tu farasi anapotii, na akitaka kukimbia nisivute zote mbili, nivute moja azunguke. Tukaenda na kusimama, tukaenda na kusimama, mbele ya mlango wa duka, hadi wateja wakachoka kututazama. Mwisho akaniambia kwamba nabana pumzi, na farasi anaisikia. Niongee, kwa kuwa mtu anayeongea hana budi kupumua.

Sasa farasi utamwambia nini? Mimi nilichokuwa nacho moyoni ni matusi, basi nikamtukana, lakini kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Ewe mwana wa hasara, nilimwambia, ewe balaa uliyeletwa na lori. Masikio yakamgeukia nyuma, akasikiliza, akatembea.

Nikafungiwa chupa ya pili mgongoni, tukaingia mbugani. Maji yalimfika magotini, mbung'o wakamsumbua, nami sikunyamaza hata kidogo. Matusi yaliponiishia nikamsimulia habari za Kipini. Kwenye dimbwi moja korongo waliruka wote kwa pamoja karibu na pua yake. Mwili wangu wote ulitaka kumbana na kuvuta. Nilikuwa na hofu, sifichi. Nilikuwa nasikia barafu ikigonga chupa mgongoni. Nikailegeza miguu, nikavuta hatamu moja, nikaendelea kuongea upuuzi. Akazunguka mara moja, akazunguka ya pili, akashusha kichwa na kutoa pumzi. Nami nikatoa yangu. Kutoka hapo tulikwenda kama watu wawili waliokwisha patana bei.

Jua lilikuwa bado halijafika utosini tulipoliona zizi. Yule Mworma alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake ng'ombe walilia kwa njaa. Nikashuka, nikakaa chini palepale na chupa mapajani. Niliogopa kuifungua chupa. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya barafu, vidogo kama kokwa za kunazi.

“Bado baridi,” nikamwambia, na machozi yakanitoka bila kuniuliza.

Akatia kidole ndani ya chupa, akakitoa upesi. Kisha akaenda kumkamata mtamba wa kwanza kwa pembe, akamshikilia, akaningoja niinuke.