Kastoma wa Keumbu

Juzi redioni baba aliimba jinsi barabara ilivyomnyima familia yake. Nikaizima kwa hasira. Barabara gani hiyo?

Nilipokuwa mdogo, alasiri moja gari la bendi yake ya muziki wa kantri lilisimama Keumbu, mbele ya ndizi za mama. Ndani gitaa lililia, wenzake wakicheka. Baba akachungulia dirishani, kofia pana kichwani, marashi yakishinda harufu ya ndizi.

"Mama, hizi unauzaje?" akamuuliza mkewe, kama mpita njia.

Mama alimpa ndizi kama mteja mwingine yeyote. Mimi nilidhani ni mchezo, nikarukaruka: "Karibu tena, kastoma!"

"Asante, msichana," akanijibu, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Sikujua kwamba mle garini alijiita kapera.

Msichana! Mimi, ambaye yeye mwenyewe alinipa jina la mama yake!