Jumatano ya Mwaka Gani?

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Keshokutwa. Jina hilo alilitolea jasho. Kuna mama alimpelekea kitambaa cha sare mwanawe akiingia darasa la kwanza, akaichukua mtoto yuko la tatu. Ikavaliwa na mdogo wake.

Mwaka jana akabadilika, sijui alimeza nini. Kila nguo tayari siku ileile aliyoahidi, imepigwa pasi, imetundikwa. Tatizo likawa wateja. Keshokutwa akikwambia Ijumaa, unakwenda Ijumaa ya mwezi ujao, ndivyo tulivyozoea. Kibanda kikajaa nguo zilizokwisha, na wapita njia wakatikisa vichwa: "Ona alivyolundika kazi za watu!"

Dada yangu alipochumbiwa, mjomba aliomba jambo moja tu: amshonee gauni la harusi. Mama, dada yake wa tumbo moja, akamtazama kama mtu anayeomba kumfanyia binti yake upasuaji.

"Jumatano saa nane litakuwa hapa, dada."

"Jumatano ya mwaka gani?"

Kitambaa akampa, asimvunje moyo. Kisha kimyakimya akapeleka kingine kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, mtu mwenye sifa ya kutochelewa tangu azaliwe. Gauni la huyo ndilo bibi harusi angevaa.

Jumatano mjomba akapiga hodi, gauni mikononi. Mama akatazama saa ya ukutani.

"Saa nane na dakika nne. Haya, umeanza tena!"

Yule wa ng'ambo naye aliahidi Jumatano. Alhamisi kimya. Ijumaa, harusi kesho yake, akatuma ujumbe kwamba hata kukata hajakata. Mama akashika kifua: "Maskini, lazima kapatwa na dharura."

Dada akajaribu la mjomba. Likamkaa sawasawa, ila pindo lilikuwa refu kidogo.

"Njoo kesho saa moja ulipunguze," mama akamwambia mjomba.

Saa moja kamili, hodi. Mama akafungua na povu la sabuni masikioni.

"We naye! Mbona unasumbua watu asubuhi yote hii?"

"Si ulisema saa moja, dada?"

"Nilisema saa moja ili uje saa nne!"

Mjomba akaketi kizingitini, akatunga uzi kwenye sindano, akasubiri bibi harusi aamke.